Kabaila mwenye kashfa: umchague yupi kati ya Paget, Byron na Long-Wellesley?

Hadithi za mapenzi za enzi ya Regency kule Uingereza zina mwanamume wao mmoja asiyechosha: kabaila mwenye jina chafu. Ana cheo, ana jumba na mashamba, lakini akiingia ukumbini akina mama wanawavuta mabinti zao pembeni. Kisha anatokea binti wa nyumba ya heshima ambaye hamkwepi. Maelezo ya nyuma ya jalada yanafanana mno, na msomaji mwenye vitabu kumi mbele yake na fedha ya kimoja tu hajui aanzie wapi.

Mimi huanza na swali hili: kashfa hiyo ni ya nini, na anayeilipia ni nani? Aliyetorosha mke wa mtu, anayenong'onwa kwa siri za nyumbani na aliyezama kwenye madeni hawazai hadithi ya namna moja, hata kama wote watatu wana macho meusi na hawatabasamu mpaka sura ya saba. Bahati nzuri kila aina ina mtu wa kweli aliyeishi, na visa vya watu hao vimeandikwa vya kutosha. Nitawaweka bega kwa bega. Ukishajua ni yupi anayekushika, utajua pia ni hadithi gani uitafute, au ukiwa mwandishi, ni ipi uitunge.

Kwa kalenda, Regency ni kuanzia 1811 hadi 1820, miaka ambayo mwana wa mfalme alitawala kwa niaba ya baba yake, George III, aliyekuwa amepoteza akili. Waandishi huivuta mipaka hiyo huku na huku. Nami nitaivuta kidogo, maana kisa cha kwanza kilianza 1809.

Kashfa zenyewe

Henry Paget, yaani Lord Paget, alikuwa mrithi wa Earl wa Uxbridge na mmoja wa makamanda hodari wa wapanda farasi. Mwishoni mwa 1808 aliwashinda wapanda farasi wa Napoleon huko Sahagún na Benavente, Hispania. Alikuwa na mke, Lady Caroline Villiers, na watoto wanane. Machi 1809 alitoroka na Lady Charlotte Wellesley, mama wa watoto wanne na mke wa Henry Wellesley. Huyo Henry alikuwa mdogo wake Arthur Wellesley, jenerali ambaye baadaye dunia ilimjua kama Duke wa Wellington. Kwa hiyo Paget alimchukua shemeji wa mtu ambaye jeshi zima lingekuja kuwa chini yake. Ukitafuta njia ya kujifungia milango yote kwa siku moja, hutapata bora kuliko hiyo.

Lord Byron hana haja ya kutambulishwa sana. Alizaliwa 1788, akarithi cheo cha Baron akiwa mtoto wa miaka kumi, na Machi 1812 shairi lake likamfanya gumzo la London. Kashfa alizirithi pia. Babu mdogo aliyemwachia cheo alikuwa amemuua jirani yake kwa upanga mwaka 1765, na baba yake alikuwa mponda mali. Yeye mwenyewe akaongeza za kwake: uhusiano wa wazi na Lady Caroline Lamb, mke wa William Lamb ambaye baadaye alikuwa waziri mkuu. Mwanamke huyo alifikia kujijeruhi kwenye dansi ya watu wakubwa Julai 1813 kwa ajili ya Byron. Chini ya hayo yote kulikuwa na mnong'ono mzito zaidi, kuhusu Byron na Augusta Leigh, dada yake kwa baba.

Wa tatu, William Wellesley-Pole, ambaye baadaye ndiye Long-Wellesley wa kichwa cha makala haya, hajulikani sana, ingawa kwangu ndiye anayetisha kuliko wote. Alikuwa mtoto wa kaka yake Wellington. Ndiyo, ukoo ule ule tena. Makabaila hawa walikuwa wachache, na kila ukiokota kashfa moja unakuta imefungamana na nyingine. Naye alizaliwa 1788. Hakuwa na cheo wakati huo, alikuwa na sura nzuri, mavazi, farasi na madeni. Kashfa yake haikuwa na mke wa mtu wala dada, angalau mwanzoni. Ilikuwa na wadai mlangoni.

Mwanamke anaweka nini rehani

Hapa ndipo visa hivi vinapoachana, na hapa ndipo hadithi nyingi za kubuni hupita mbio. Binti wa kabaila akiolewa Uingereza ya wakati huo, sheria ilimhesabu yeye na mume kuwa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa mume. Fedha zake taslimu zikawa za mume. Mapato ya ardhi yake yakawa ya mume. Watoto wakawa wa baba. Mpaka sheria ya 1839 mama hakuwa hata na haki ya kuomba mahakama imruhusu kuwaona. Kinga pekee ilikuwa mkataba wa ndoa ulioandikwa na mawakili kabla ya harusi, uliotenga sehemu ya mali chini ya wadhamini. Msomaji wa Lamu au Mombasa atashangaa hapa, kwa sababu kwa sheria ya Kiislamu mali ya mke hubaki yake baada ya nikaha, na mahari hupewa yeye. Kwa Waingereza hawa fedha ilisafiri kinyume: binti aliingia kwa mume na mali, na mwindaji wa mali aliijua bei ya kila binti kabla hajalijua jina lake la kwanza.

Talaka nayo ilihitaji sheria maalumu ya Bunge kwa kila ndoa. Mwanamume aliyefanyiwa ugoni aliweza kuipata akiwa na fedha na uvumilivu. Kwa wanawake, ni wanne tu waliofaulu mpaka utaratibu ulipobadilishwa mwaka 1857, na wa kwanza, mwaka 1801, alifaulu kwa kuwa mume wake alizini na dada yake. Uzinzi wa mume peke yake haukutosha.

Sasa warudishe mabwana wetu kwenye mizani hiyo. Charlotte, alipopanda gari la kukodi kwenda kwa Paget, alikuwa ameshaolewa. Alichoweka rehani ni watoto wake wanne na kila mlango aliowahi kukaribishwa. Mwanamke aliyeachwa kwa ugoni hakuingia tena Almack's, kumbi za mtaa wa King ambako akina mama wakubwa wachache ndio waliogawa vibali vya kuingia. Paget aliachiwa njia ya kurudi, yeye hakuachiwa.

Annabella Milbanke, aliyeolewa na Byron, aliweka rehani nafsi yake zaidi kuliko mali. Wazazi wake walikuwa makini na mawakili wao wakawa makini. Hatari yake ilikuwa ya ndani ya nyumba, ambako mkataba hauingii.

Catherine Tylney-Long aliweka rehani kila kitu, kihalisi. Kaka yake mdogo alifariki mwaka 1805 na kumwachia mashamba na Wanstead House, kasri la Essex lililowashangaza wageni waliotoka mbali. Magazeti yalimwita mrithi tajiri kuliko wote nchini. Hata Duke wa Clarence, mwana wa mfalme ambaye baadaye alitawala kama William IV, alimposa. Akamkataa mwana wa mfalme akamchukua William wa madeni.

Uchumba

Kama unasoma kwa ajili ya uchumba, hapa Byron anawaacha wenzake mbali. Annabella alipenda hesabu, na Byron alimtania kwa marafiki kuwa ni binti mfalme wa jometri. Mwaka 1812 Byron alipeleka posa kupitia Lady Melbourne, shangazi wa Annabella. Angalia ukoo ulivyosukwa: Lady Melbourne huyo huyo ndiye mama mkwe wa Lady Caroline Lamb, yule aliyekuwa akimlilia Byron. Annabella akakataa. Shangazi alipomuuliza basi anataka mume wa namna gani, akaandika orodha ya sifa na kumpelekea. Kisha akaanza kuandikiana barua na mwanamume aliyemkataa, na barua zikaendelea mpaka Septemba 1814, Byron alipoposa tena. Safari hii alikubali haraka kiasi kwamba alituma jibu kwa anwani mbili, London na Newstead, jumba la ukoo wa Byron, lisije likampita.

Mwandishi yeyote angetamani kuishia hapo. Lakini bwana harusi alichelewa wiki kadhaa kwenda kuwaona wakwe, na alipofunga safari ya harusi, rafiki aliyemsindikiza aliandika kwenye shajara yake kwamba hajawahi kuona mchumba asiye na haraka kama huyu. Walioana tarehe 2 Januari 1815 sebuleni Seaham Hall, pwani ya kaskazini, bila umati.

Uchumba wa Paget na Charlotte haujulikani kwa undani kama huo, na kwa vyovyote haukuwa uchumba bali mapenzi ya watu wazima waliokuwa na ndoa zao. Utamu wake uko baada ya kutoroka. Kaka wa Charlotte, Kanali Henry Cadogan, alimtaka Paget wapambane kwa bastola. Mwishoni mwa Mei 1809 wakakutana Wimbledon Common. Cadogan akafyatua, akakosa. Paget akakataa kumlenga, akieleza kwamba hataongeza madhara kwa familia ambayo ameshaidhuru. Nikiulizwa ni tukio gani moja la enzi hiyo lenye kila kitu ambacho hadithi za aina hii hukitafuta, nitataja asubuhi hiyo. Mwanamume ana makosa, anajua ana makosa, na bado hamwachi mwanamke.

Uchumba wa Catherine na William ulikuwa wa magazetini. Vibonzo vilichorwa, watu wakabashiri, na William akaongeza majina ya ukoo wa mchumba kwenye jina lake, akawa William Pole-Tylney-Long-Wellesley. Jina lilikuwa refu kama orodha ya mnada, na wachekeshaji wa London hawakuliacha lipite. Walioana Machi 1812. Inasimuliwa kwamba alisahau pete.

Bili ilipofika

Paget alilipa kwa fedha na kwa kazi. Henry Wellesley alimshtaki kwa ugoni na mahakama ikamwamuru alipe fidia ya paundi 20,000, wakati mtumishi wa kike wa ndani alipata paundi kumi na kitu kwa mwaka. Bunge likavunja ndoa ya Henry na Charlotte mwaka 1810. Kwa kuwa mke wa Paget asingefaulu kumwacha mumewe Uingereza, shauri lao lilipelekwa Uskoti, ambako sheria ilimpa mke haki hiyo kwa uzinzi wa mume. Mwaka huo huo mke huyo, Caroline Villiers, akaolewa na Duke wa Argyll, na Paget akamwoa Charlotte. Wote wanne wakatoka upande wa pili. Hilo ni nadra katika maisha na ni nadra zaidi katika riwaya, kwa sababu waandishi wengi humuua mke wa kwanza ili kusafisha njia.

Hakurudi Hispania kupigana chini ya Wellington miaka yote iliyofuata, na si vigumu kuelewa kwa nini. Walikutana tena 1815. Huko Waterloo, kwenye vita vya mwisho dhidi ya Napoleon, Juni 18, Paget, ambaye sasa alikuwa Earl wa Uxbridge, aliongoza wapanda farasi wa Wellington na karibu na mwisho wa vita akapigwa mguu wa kulia. Ulikatwa jioni hiyo, ukazikwa kwenye bustani ya nyumba pale kijijini, na kwa miaka mingi watalii walikwenda kuliangalia kaburi la mguu. Wiki chache baadaye akapewa cheo cha juu zaidi, cha Marquess wa Anglesey. Charlotte alibaki naye mpaka kifo chake mwaka 1853. Paget alimfuata mwaka uliofuata. Ndoa ya kashfa ilidumu miaka zaidi ya arobaini.

Byron na Annabella hawakumaliza hata miezi kumi na mitatu pamoja. Nyumba yao ya Piccadilly Terrace ilikuwa ya gharama wasizozimudu, na Novemba 1815 madalali wa mahakama waliingia wakati mke ana mimba kubwa. Ada alizaliwa Desemba 10. Tarehe 15 Januari 1816 Annabella alitoka alfajiri na kichanga chake kwenda kwa wazazi wake Leicestershire, na hakurudi. Mkataba wa kutengana ulisainiwa Aprili, na siku chache baadaye Byron aliondoka kupitia Dover. Hakuiona tena Uingereza; alifia Ugiriki mwaka 1824. Ada ndiye yule Ada Lovelace wa historia ya kompyuta, aliyefundishwa hesabu tangu utotoni kwa kuwa mama aliogopa ushairi wa baba.

Wa tatu. Juni 1822 vitu vya Wanstead House vilipigwa mnada uliochukua siku 32: vitanda, picha, sanamu, mvinyo. Kisha jumba lenyewe likauzwa kwa wabomoaji, jiwe kwa jiwe, kwa paundi 10,000, sehemu ndogo sana ya gharama za kulijenga. Wenyewe walikuwa wamekimbilia ng'ambo kuwakwepa wadai. Huko Italia William akaanza uhusiano na Helena Bligh, mke wa kapteni mmoja Mwingereza. Catherine alirudi nyumbani na watoto akafariki Septemba 1825, kabla hajatimiza miaka 36, akiwa amewaomba dada zake wawalinde watoto dhidi ya baba yao. William aliwadai. Mwaka 1827 Lord Eldon, aliyeongoza Chancery, mahakama iliyoamua pia mambo ya malezi ya watoto, alimnyima malezi kwa sababu ya mwenendo wake, jambo ambalo baba wa tabaka lake hakulitegemea. Baadaye alirithi cheo cha Earl wa Mornington, na alikufa 1857 katika vyumba vya kupanga London.

Basi uchukue yupi?

Ukitaka mapenzi yanayofika, chukua hadithi ya aina ya Paget. Dalili zake ni hizi: kashfa inajulikana na kila mtu tangu ukurasa wa kwanza, bwana haikatai, na ugumu wa hadithi ni namna ya kuishi nayo. Kasoro yake ni watoto. Charlotte aliacha wanne, na mwandishi akilipita hilo kwa sentensi moja ujue anakudanganya. Mimi ningemchagua huyu mbele ya wote, lakini simchagulii msomaji ambaye hawezi kumsamehe mama aliyeondoka. Hilo ni jambo la moyo na sibishani nalo.

Aina ya Byron ni ya anayependa mazungumzo makali, barua na mtu asiyesomeka. Nusu ya kwanza ya hadithi hizi huwa bora kuliko nusu ya kwanza ya nyingine yoyote. Tatizo ni kwamba riwaya inalazimika kumaliza kwa furaha, na kisa chenyewe hakimpi mwandishi njia ya kufika huko. Kwa hiyo anamgeuza bwana awe mpole ghafla, kwa usiku mmoja wa homa au kwa kumwona mtoto. Kabla ya kununua, soma kurasa za katikati: kama binti ana akili zake, ana watu wake na ana mahali pa kurudi, endelea. Kama kazi yake yote ni kumtibu mwanamume, rudisha rafuni.

Aina ya Long-Wellesley, yaani bwana mwenye madeni anayeoa mali kisha akaja kumpenda mwenye mali, ndiyo imeandikwa kwa wingi na ndiyo ninayoitilia shaka kuliko zote. Inawezekana kuiandika vizuri. Inataka mwandishi anayejua mkataba wa ndoa ulivyo, anayetaja wadhamini, anayemwonyesha baba au mjomba akibishana na wakili kuhusu senti. Bila hayo binti anakabidhi kasri kwa tabasamu. Kwa mpenzi wa visa vya mahakama na kulipiza, kwa upande mwingine, kisa chenyewe cha kweli kinashinda riwaya. Soma historia yake.

Iko na aina ya nne, ambayo sikumpa mtu wa kweli: bwana aliyesingiziwa. Alibeba dhambi ya kaka yake, au alinyamaza ili kumlinda mwanamke, na ukweli unafichuka sura mbili kabla ya mwisho. Ni rahisi kusomeka, haina madhara, na inafaa safari ndefu ya basi. Lakini kashfa isiyo ya kwake haimgharimu binti chochote cha kufikiria, kwa hiyo usitegemee mapenzi mazito humo. Mpe nafasi mtunzi ambaye walau anamwacha binti aamue kabla ukweli haujajulikana, naye achague akiwa na habari ile ile mbaya waliyo nayo wengine wote ukumbini.